Jibu lilikuwa kwenye nyusi

Katika wiki yangu ya kwanza kwenye kituo cha afya cha kijiji kimoja kisiwani Baffin, kaskazini mwa Kanada, aliletwa kwangu msichana wa miaka 16 ambaye mwalimu wake alikuwa na wasiwasi naye. Nilikuwa na fomu yenye maswali, nami nikayasoma moja baada ya jingine kwa sauti niliyoidhani kuwa ya upole: kama analala, kama anakula, kama amewahi kuona afadhali asingekuwapo duniani. Hakufungua kinywa. Alinitazama mara moja moja, akatazama dirisha, akatazama mikono yake, na kikao kilipokwisha niliandika kwenye faili kwamba mgonjwa hakutoa ushirikiano. Mkalimani wetu, mama mtu mzima aliyekuwa amekaa pembeni, alingoja msichana atoke ndipo akaniambia taratibu kwamba yule mtoto alikuwa amenijibu kila swali. Miongoni mwa Wainuit, watu wa asili wa huko Aktiki, kuinua nyusi ni kusema ndiyo, na kukunja pua ni kusema hapana. Alikuwa ameinua nyusi mara tatu, na mojawapo ilikuwa kwa swali zito kuliko yote.

Tulitoka saa ile ile, mimi na mkalimani, tukamkuta nyumbani kwa bibi yake. Yu hai, na kuhusu yeye sitasema zaidi ya hapo, kwa kuwa habari zake si zangu. Kosa ndilo langu, na nimelibeba tangu siku hiyo, kwa sababu karatasi ile ingebaki kwenye kabati na muuguzi atakayenifuata angesoma kwamba binti huyu ni mkaidi, hali alikuwa amesema kila kitu kwa lugha ambayo mimi sikuwa nimejipa taabu ya kuijua kabla ya kupanda ndege.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, mzaliwa wa Pangani, na ninaishi Ottawa, mji ambao wagonjwa wengi wa kisiwa cha Baffin husafirishwa kwa ndege kuja kutibiwa. Nilianza kuwafahamu Wainuit wakiwa wodini, mbali na kwao, kabla ya kukubali mkataba wa kwenda Nunavut kwenyewe, eneo lao la kaskazini ambamo kimo kisiwa hicho. Ninaandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu walioko Kanada katika uuguzi, ustawi wa jamii na ualimu, ambao huenda nao wakapelekwa huko, na pia kwa ajili ya ndugu zangu wa nyumbani ambao, wakisikia kuwa vijana wa kaskazini wanajitoa uhai kwa wingi, huniuliza swali lile lile: ni giza?

Si giza. Ni kweli kwamba mwezi Desemba jua la Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, huonekana kwa muda wa saa nne na ushei tu, na kwamba katika vijiji vilivyo kaskazini zaidi halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa. Lakini wahenga wa Wainuit waliishi katika giza hilo hilo na baridi hiyo hiyo kwa karne nyingi, na kujiua kwa vijana lilikuwa jambo la nadra sana kwao. Idadi zilianza kupanda miaka ya 1970, wakati kizazi cha kwanza kilichokulia katika makazi ya kudumu yaliyoanzishwa na serikali kilipofikia ujana. Mtafiti Jack Hicks ameonyesha kwamba mawimbi haya yalifuatana kwa zamu: Alaska kwanza, kisha Greenland, kisha mashariki ya Aktiki ya Kanada, kwa mpangilio ule ule ambao serikali za mataifa hayo ziliingilia maisha ya watu. Jua halikubadilika katika miaka hiyo, bali watu ndio waliobadilishiwa maisha.

Niyaeleze mabadiliko hayo kwa kuanzia na yale yanayonihusu kama muuguzi. Kifua kikuu kilipoenea, serikali ya Kanada ilipeleka meli iliyoitwa C.D. Howe kutoka kijiji hadi kijiji ikiwa na mashine ya eksirei. Aliyeonekana kuwa na ugonjwa mara nyingi hakuruhusiwa hata kushuka kwenda kuaga, bali alichukuliwa moja kwa moja kupelekwa sanatoria, yaani hospitali za kifua kikuu, za kusini, na inakadiriwa kwamba kufikia mwaka 1956 Mwinuit mmoja kati ya kila 7 alikuwa amelazwa huko. Wako watoto waliorudi baada ya miaka wakiwa hawawezi kuzungumza na mama zao, na wako ambao hawakurudi, wala familia hazikuambiwa wamezikwa wapi. Waziri Mkuu Justin Trudeau alikwenda Iqaluit tarehe 8 Machi 2019 kuomba radhi kwa hayo, na mradi uitwao Nanilavut, yaani tuwatafute, ukaanzishwa ili kuyapata makaburi. Kila mzee akataapo kupanda ndege kwenda hospitali ya Ottawa nakumbuka meli ile, na ninawaomba wenzangu wasimwandikie mzee huyo kwamba anakataa matibabu bila kwanza kumuuliza nani wa nyumbani kwake alichukuliwa.

Shule za bweni za Kanada, ambazo watoto wa watu wa asili walipelekwa mbali na wazazi wao, huenda mmezisikia. Watoto wa watu wa asili wapatao 150,000 nchini Kanada walipitishwa humo, wengi wakiadhibiwa kwa kusema lugha zao, na ya mwisho kufungwa katika Nunavut ya leo, Kivalliq Hall ya Rankin Inlet, ilifungwa mwaka 1997 tu. Kwa hiyo mwanafunzi wa shule hizo si mtu wa zamani. Ni baba wa kijana aliyeketi mbele yako, na huenda baba huyo hakuwahi kulelewa na wazazi wake, kisha akatakiwa kulea. Waliuliwa pia mbwa wa kuvuta sleji, yaani magari ya kuburutwa juu ya theluji, waitwao qimmiit, katika miaka ya 1950 na 1960, na mtu asiye na mbwa hakuweza kwenda kuwinda wala kuondoka kwenye makazi aliyohamishiwa. Tume ya Ukweli ya Qikiqtani, yaani ya kanda ya Baffin, iliyofanya kazi kati ya 2007 na 2010, ilikusanya ushahidi wa wazee juu ya hayo. Wazee walieleza kwamba aliyepoteza mbwa wake alipoteza kazi, heshima na jambo la kumfundisha mwanawe kwa siku moja.

Kuna jambo moja linalonigusa kuliko yote, nalo ni la majina. Kwetu Pangani mtoto aliyepewa jina la bibi yake huitwa mama na baba yake mzazi, na watu wawili wenye jina moja huitana somo, na usomo huo una haki zake na mizaha yake. Wainuit wana jambo hili kwa kina zaidi yetu. Mtoto hupewa jina la marehemu, na huchukua pamoja na jina hilo undugu wote wa marehemu: mwanamke mtu mzima atamwita mjukuu wa jirani yake baba, kwa kuwa mtoto huyo ana jina la baba yake, naye atampa sehemu nzuri ya nyama na kumstahi. Katika baadhi ya maeneo wanaoshiriki jina huitana kwa neno lenye maana ya mfupa. Kuanzia mwaka 1941 serikali, iliyoona majina hayo ni mazito kuandika, iliwapa Wainuit vipande vidogo vya duara vya kuvaa vyenye namba, na namba hizo ndizo zilizotumika kwenye vitabu vya serikali mpaka pale watu walipopewa majina ya ukoo kati ya 1968 na 1971. Hebu fikiri: mtu ambaye jina lake lilimfanya awe baba wa huyu na shangazi wa yule anageuzwa kuwa namba.

Nayasema yote haya kwa urefu kwa sababu bila kuyajua mtu huweza kuuona ustahimilivu kama kitu kilichomo ndani ya kifua cha kijana mmoja mmoja, ambacho anacho au hana, na ambacho sisi wataalamu tunaweza kumwongezea kwa mazoezi ya kupumua na kijitabu chenye picha. Sikatai mazoezi ya kupumua, nayafundisha mwenyewe. Lakini niliyoyaona Nunavut yamenifanya niamini kwamba kijana husimama kwa sababu ameshikiliwa, na wanaomshikilia ni watu, lugha, ardhi na majina, na kwamba kazi ya anayetaka kumsaidia ni kuimarisha mikono hiyo badala ya kujiweka yeye mahali pake.

Upo ushahidi unaokwenda upande huo. Mwaka 1998 Michael Chandler na Christopher Lalonde walichapisha utafiti wao juu ya jamii zipatazo 200 za Mataifa ya Kwanza, yaani watu wengine wa asili wa Kanada, katika jimbo la British Columbia. Watu walikuwa wamezoea kusema kwamba vijana wa asili hujiua sana, kana kwamba ni tabia ya kabila, lakini wao walikuta kwamba zaidi ya nusu ya jamii hizo hazikuwa na kijana hata mmoja aliyejiua katika miaka mitano waliyoichunguza, huku msiba ukiwa umejikusanya katika jamii chache. Wakatazama mambo sita: kama jamii inajitawala, kama inadai ardhi yake kisheria, kama shule, huduma za afya, polisi na zimamoto viko mikononi mwake, na kama ina mahali pa kuendeshea mila zake. Jamii zilizokuwa na yote sita hazikuwa na kifo cha namna hiyo hata kimoja, na zisizokuwa na lolote ndizo zilizokuwa na vingi zaidi. Mwaka 2007, pamoja na Darcy Hallett, waliongeza lugha: pale ambapo zaidi ya nusu ya watu waliweza kuzungumza lugha yao, vifo vya vijana vilikuwa vichache mno. Hao si Wainuit, na British Columbia si Aktiki, lakini niliposoma matokeo hayo baada ya kurudi kutoka Baffin niliona yanaeleza kile nilichokuwa nimekiona kwa macho.

Wainuit wenyewe wamelisema hili waziwazi. Shirika lao la kitaifa, Inuit Tapiriit Kanatami, linaloongozwa na Natan Obed, lilitoa mkakati wake wa kuzuia kujiua mwezi Julai 2016 huko Kuujjuaq. Mkakati huo ulieleza kwamba katika kanda zao nne kiwango kilikuwa kati ya mara 5 na mara 25 ya kile cha Kanada nzima, na haukuishia kwenye ushauri nasaha bali ulitaja umaskini, msongamano nyumbani, njaa, malezi ya utotoni na majeraha ya kihistoria kuwa ndivyo vya kushughulikiwa. Miezi michache kabla yake, Oktoba 2015, Waziri Mkuu wa Nunavut, Peter Taptuna, alikuwa ametangaza kwamba kujiua ni janga katika eneo lake.

Msongamano si neno la takwimu tu. Kwa mujibu wa sensa ya 2021, zaidi ya nusu ya Wainuit wanaoishi katika nchi yao ya asili wamo katika nyumba zilizojaa kupita kiasi. Nimeingia katika nyumba za vyumba vitatu zenye watu kumi na wawili, ambamo kijana hulala kwa zamu kwenye kochi, na akitaka kulia hana pa kulilia, kwa kuwa nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri. Ukimwambia kijana huyo atafute mahali tulivu ajitafakari, unamdhihaki bila kujua. Vijiji vyenyewe ni 25 katika Nunavut nzima, wala hakuna barabara inayoviunganisha, hivyo maziwa na machungwa hufika kwa ndege kwa bei ambayo iliniacha kinywa wazi dukani.

Lakini nisikae kwenye huzuni peke yake, maana kule nilikuta watu wanaofanya kazi hii kwa ustadi kuliko mimi.

Katika kijiji cha Clyde River, ambacho wenyewe hukiita Kangiqtugaapik, lipo shirika la wanakijiji liitwalo Ilisaqsivik. Limewafunza Wainuit kuwa washauri wa Wainuit wenzao, kwa Kiinuktitut, wakianza na kuponya majeraha yao wenyewe kabla ya kusikiliza ya wengine. Mshauri wa namna hiyo haondoki mkataba unapokwisha, kwa sababu hana mkataba wa kukaa nyumbani kwake. Igloolik nako, baada ya kijiji kupoteza vijana, kikundi cha sarakasi kiitwacho Artcirq kilianzishwa mwaka 1998, na vijana wakajifunza kuruka, kubebana na kuaminiana kwa miili yao kabla hata ya maneno. Arviat wana mpango wa wawindaji vijana, ambapo watoto wa kike na wa kiume hufundishwa na wazee kusoma barafu, upepo na nyayo, na hurudi na nyama ya kugawa. Na Iqaluit, kituo cha utafiti cha Qaujigiartiit kimetengeneza kambi ya vijana iitwayo Makimautiksat, inayounganisha mazungumzo juu ya hisia na mahusiano na siku za kukaa nje ardhini.

Niliruhusiwa mara moja kufuatana na wazee na vijana wa kijiji nilichokuwa nikifanyia kazi kwenda kambi ya majira ya kuchipua, wakati jua halizami na theluji inawaka machoni. Tulikwenda kwa pikipiki za theluji zikivuta sleji ndefu za mbao. Siku mbili za kwanza nilisubiri mazungumzo yaanze, kwa vile nilikuwa nimezoea kwamba msaada ni watu kuketi duara na kuulizwa wanajisikiaje. Hakuna aliyeuliza. Mzee mmoja alimsimamisha kijana kwenye tundu la barafu ambalo sili, mnyama wa baharini, hupumulia na kumwambia angoje, naye akangoja saa mbili bila kusogeza mguu. Akina mama walikanda unga na kukaanga mkate wanaouita palaugaaq, na wasichana walikuwa wakifundishwa kuchuna ngozi kwa kisu cha nusu duara kiitwacho ulu. Siku ya tatu, mikono ikiwa kazini na macho yakiwa kwenye kazi, kijana mmoja alianza kuzungumza habari za kaka yake aliyekufa. Mzee hakuacha alichokuwa akikifanya. Alisikiliza, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba naye alikuwa na kaka. Mkalimani alininong'oneza maneno hayo machache, na nilifahamu kwamba siku mbili zile ambazo mimi niliziona tupu ndizo zilizokuwa tiba.

Wana neno lao, inunnguiniq, ambalo maana yake ni kumfanya mtoto awe mtu. Nilipoelezwa nilifurahi kama niliyekutana na jamaa ugenini, kwa kuwa sisi nasi twasema fulani ni mtu na fulani si mtu, na hatuzungumzii viungo vya mwili. Utu hufundishwa. Walioutunza ujuzi huo ni wazee, na huutunza katika lugha, ndiyo maana inaniuma kwamba sheria ya Nunavut ya mwaka 2008 iliahidi elimu kwa lugha ya Wainuit katika madarasa yote kufikia 2019, na kwamba mwaka 2020 tarehe hiyo ilisogezwa mpaka 2039. Sisi Watanzania tuliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kuingia sekondari tukawa mabubu kwa Kiingereza twaweza kukadiria jambo hilo, ingawa kwetu Kiswahili hakijawahi kuwa hatarini. Mtoto anayefundishwa kwa lugha asiyoielewa bibi yake hujifunza, bila kuambiwa na mtu, kwamba bibi yake hana la kumfundisha.

Ninalo neno kwa wenzangu mtakaokwenda. Mwajiri aliyenipeleka, ambaye sitamtaja, alinipa nusu siku ya maelekezo, na sehemu kubwa ilihusu mizigo ya ndege. Usikubali kutosheka na hiyo. Jifunze salamu na majina kabla ya kwenda. Muulize mkalimani mapema, si baada ya kosa, na umlipe heshima ya mtaalamu, kwa sababu ndivyo alivyo. Omba kurudishwa kijiji kile kile, maana vijana wa huko wamekwisha kuwasimulia misiba yao wauguzi wengi ambao hawakuwaona tena, na mtu hawezi kulifungua donda lake mbele ya mgeni mpya kila baada ya wiki sita. Mimi nimerudi mara tatu. Mara ya pili ndipo mtu wa kwanza alipokuja mwenyewe bila kuletwa. Na ukiwa Kanada mahali popote, nawe au mtoto wako mkizidiwa na mawazo ya kujidhuru, pigeni au tumeni ujumbe kwa 988, usiku au mchana. Iko pia simu ya Hope for Wellness kwa ajili ya watu wa asili, na Nunavut wana Kamatsiaqtut, simu yao wenyewe. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nimekulia mahali ambapo kifo cha namna hii kilisemwa kwa minong'ono, na familia ikabaki na aibu juu ya msiba.

Siku ya mwisho ya ile kambi, kijana aliyengoja kwenye tundu alimpata sili wake wa kwanza. Nilidhani atapigwa picha, na kweli alipigwa, lakini hakula kipande hata kimoja cha mnyama yule. Nyama ya windo la kwanza hugawiwa, na sehemu ya heshima huenda kwa sanaji wake, yaani mtu aliyempokea na kumvalisha nguo zake za kwanza alipozaliwa. Tulipofika kijijini, kabla ya kuvua makoti, alibeba nyama hiyo mikononi na kupanda ngazi za nyumba moja ya buluu. Mwanamke mzee alifungua mlango, akamtazama kijana, akaitazama nyama, akaanza kupiga kelele za furaha, kisha akamshika mashavu kwa mikono yote miwili na kumwita baba. Kijana aliinua nyusi.